Selfie yangu na terril

Bana Lubumbashi, leo mugeni amenimaliza.

Tantine wangu, shangazi, ametoka Mitwaba kule ku pori, namutembeza ku ville. Ku zoo alipiga miayo: "Hizi nyama kwetu tunazikulaka. Hapa munazilisha?"

Sawa. Nikamupeleka ku terril, ule mulima mweusi wa mabaki ya mukuba, ile shaba yetu; fierté, tunajivunia nayo! Nikapiga selfie, nikaiweka palepale ku profil.

Anauliza: "Mukuba yenyewe iko wapi?"

"Ilikwendaka Bulaya, tantine."

"Na hii?"

"Njo yenye Bazungu balituachia."

Akasema kwa sauti, batu bote basikie. (Huyu mama hanyamazake, hata ku misa!)

"Kwetu, mugeni akikula kuku yako yote akuachie mifupa, unatupia imbwa. Haupigake nayo foto."

Nimeitoa ku profil.

Sasa muniambie: fasi gani hapa ingali na nyama kidogo ku mifupa, nipigie kule foto?