Mpwa wangu anatafutia kampuni yake kazi kwa cheti cha mjukuu wangu, mwenye cheti kamweka mapokezi

Admin, ficha jina langu, maana hapa Tabora tunajuana. Nina miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa hesabu. Moyo wangu umechoka. Daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi, nami sikuhitaji kuuliza sababu. Naandika kwa kidole kimoja, napumzika, naendelea. Kuna jambo ninalolijua ambalo nyumba nzima haijui kwamba ninalijua, na sitaki kuzikwa nalo.

Ninauguzwa nyumbani kwa mpwa wangu, nimwite Kashindye. Dada yangu alipofariki alimwacha mdogo sana, nikamlea kule Kwihara sahani moja na wanangu, nikamsomesha. Leo ana kampuni ya kufunga mitandao ya kompyuta. Anaunganisha intaneti kwenye mashule, zahanati na ofisi za wanunuzi wa tumbaku mpaka Urambo. Ndiye anayeniinua kitandani, ndiye anayeniogesha. Hilo sitamnyima.

Ninaye pia mjukuu, Nyamizi, binti wa marehemu mwanangu wa kwanza. Kwetu babu na mjukuu ni watani, basi huniita mume. "Mume wangu, dawa umemeza au umezificha tena chini ya godoro?" Alipomaliza kidato cha nne alianza kufuatana na mafundi wa Kashindye bila malipo yoyote. Akapanda mapaa, akavuta kebo darini kwenye vumbi la popo, akajifunza kutafuta mahali mtandao ulipokatika. Alikuwa akirudi mchafu na mwenye furaha.

Kashindye akanijia. "Mjomba, mtoe huyo mtoto kwenye mabati. Siku hizi bila cheti cha kimataifa hakuna anayekutazama. Asome, afanye mtihani, mimi mwenyewe nitampa kazi." Nilikuwa mwalimu, nikaona anasema la maana. Nyamizi alinung'unika: "Babu, kusoma nitasoma, lakini mikono nayo inasahau." Nikamwambia Kashindye ni baba yake mdogo, hawezi kumtupa. Akajifungia na vitabu, akaenda Mwanza kwenye mtihani, akafaulu. Kashindye alimchinjia mbuzi, akachukua nakala ya cheti, eti aiweke ofisini.

Kisha akamweka mapokezi. "Cheti ni kizuri, ila wateja wanataka mtu mwenye uzoefu. Vuta subira." Nyamizi akawa anapokea wageni na kuwapikia mafundi chai. Akaomba kazi Shinyanga, wakamsaili vizuri, halafu kimya. Alilia mapajani pangu. Alidhani ana kasoro asiyoijua.

Sasa sikieni. Kashindye ana fundi mmoja Mgogo, ndiye aliyemfundisha Nyamizi kazi. Wagogo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Alikuja kunijulia hali, akasimama mlangoni:

"Mtani, bado upo tu? Sisi tumeshachoka kuungojea ubwabwa wa msiba!"

"Ngoja kwanza. Babu zako walitutoza hongo ya njia tukipita kwenu na mizigo, na wewe umekuja kunitoza kitandani?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Mizigo mmezaliwa nayo nyie! Mtazame mjukuu wako. Cheti chake kimebeba kampuni nzima, mwenyewe anabeba chupa ya chai. Kila kazi kubwa tunayoomba, kwenye karatasi mtaalamu mkuu ni Nyamizi. Na wale wa Shinyanga walipopiga simu kumuulizia, bosi akawaambia hata kubana kichwa cha kebo hajui! Mtoto niliyempandisha paa mwenyewe!"

Mimi sikucheka. Akauona uso wangu. Akapiga magoti pembeni ya kitanda. "Mtani, ule ni utani. Ukiupeleka kwenye kikao umenimaliza, nina watoto."

Anasema kweli. Kwetu neno la utani halipelekwi barazani. Mtani hashitakiwi, wala hafanywi shahidi. Nikimtaja, nimevunja kitu nilichokikuta kwa wazee wangu. Nisipomtaja, Kashindye atakana, na watasema ugonjwa umempanda mzee kichwani.

Nimemtazama mpwa wangu akinikata kucha, taratibu, asije akaniumiza. Mikono ile ile. Alinituma mimi nimtoe binti kwenye kazi, akasubiri cheti, akakichukua, akamfungia mlango wa nje kwa kusema hajui kazi. Ningeibiwa na mgeni ningelala.

Sasa kuna mtu Kigoma yuko tayari kumchukua Nyamizi kwa majaribio, amwone akifanya kazi kwa mikono yake. Anatakiwa ajibu wiki ijayo. Ananiambia, "Babu, utakavyosema wewe." Na Jumapili, baada ya ibada, ndugu na wazee wa kanisa watakuja kusikia wosia wangu. Kashindye ameniomba, akiwa ameshika kidole changu: "Mjomba, useme mbele ya watu kwamba Nyamizi umeniachia mimi, abaki kwenye kampuni ya nyumbani. Neno lako hatalivuka."

Kweli hatalivuka. Namjua.

Nimefikiria kumnong'oneza tu aende Kigoma. Lakini nisipompa sababu atadhani nimemchoka, na cheti chake kitabaki huku kikifanya kazi bila yeye. Nikimpa sababu, ana hasira za baba yake, atamkabili Kashindye siku hiyo hiyo, na yule Mgogo atakuwa nje ya geti kabla ya jua kuzama. Na mimi nitabaki mikononi mwa nani kwa siku zilizobaki? Ndiyo, na hilo naliogopa. Sitaki kuwadanganya.

Wanangu mnaosoma ukurasa huu, wengi wenu mna vyeti na wengine mna mikono tu. Jumapili watanikalisha kwenye mito na wote watanyamaza wanisikilize. Niwaambie nini?