Malka Kwenye Ukuta wa Mama Halima

Kila ninapotayarisha ukuta wa kuchora, harufu ya chokaa mbichi hunirudisha Garsen, nikamwona mama yangu amejishika kichwa na mimi nimejibanza nyuma ya pipa la maji.

Mwaka huo mto Tana ulifurika ukaichukua nyumba yetu ya Idsowe pamoja na migomba na mpunga uliokaribia kuvunwa. Mama Halima, Muorma mwenye kibanda cha chai pale Garsen, alitupa chumba uani kwake, ingawa siku zile wakulima kama sisi na wafugaji kama wao hawakutazamana vizuri. Mama alituonya kwamba mgeni hasogezi hata kigoda cha mwenyeji. Nilikuwa na miaka minane, na onyo halikukaa.

Aliyenisumbua ni Bibi. Tangu tuhame alikaa akiutazama ukuta, hali wala hasemi. Nikawaza, kwa akili zangu za kitoto, kwamba ikiwa ukuta ndio unaomzuia kuona kwetu, basi nimwekee kwetu pale pale ukutani. Lakini ukuta wenyewe ulikuwa umepakwa chokaa juzi tu, kwa ajili ya harusi ya binti wa Mama Halima.

Nilitumia mkaa, matope, na bizari yote ya Mama. Nikachora mto, migomba, na kuku wetu mwekundu, ambaye alitoka mkubwa kuliko nyumba kwa sababu nilimpenda zaidi.

Mama aliporudi alipiga ukelele. "Umetuua! Sasa tutakwenda wapi?" Akaanza kusugua kwa kitambaa kilicholowa, matope yakazidi kusambaa. Mama Halima akaingia, akasimama, akatazama mpaka mimi nikajibanza nyuma ya pipa la maji.

"Wacha kufuta," akamwambia Mama. Kisha akanigeukia. "Na wewe, ng'ombe yangu itakunywa wapi? Mto wote umeujaza migomba."

Aliyejibu ni Bibi, kwa sauti iliyokwaruza kwa kukaa kimya siku nyingi. "Malka ilikuwa hapa." Akainuka, akaweka kidole pale mifugo ilipokuwa ikishukia maji.

"Hapana, mama yangu, ni juu kidogo. Nilikuwa nikipita na baba tukiswaga ng'ombe," akasema Mama Halima.

"Juu kidogo? Kumbe ni nyinyi mliokula mahindi yangu!"

Mama Halima akacheka hadi akashika kiuno. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na jioni hiyo Bibi akala. Harusi ikafanyika mbele ya kuku wangu.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba mchoro wangu ndio uliomwinua Bibi. Nilipokuwa mtu mzima nilirudi Idsowe na rangi zangu, nikakuta mto umehama na shamba limekuwa kichaka. Nikakaa pale nikitafuta mtu wa kumuuliza nyumba ilikuwa wapi, nisimpate. Ndipo nikajua Bibi alikuwa amepata nini siku ile: mtu wa kubishana naye juu ya kwao.

Na Mama Halima, aliyeniuliza ng'ombe wake atakunywa wapi, hakuwa na ng'ombe hata mmoja. Ukame ulikuwa umewamaliza wote kabla hajahamia mjini.