Uso wa Kambo kwenye Bango

Mwezi uliopita nilirudi Katuba, mtaa wetu wa Lubumbashi, kwenye kilio cha shangazi yangu. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa safu kwa safu chini ya turubai, na kijana wa protokoli amesimama na maikrofoni, suti imembana, anasoma ratiba. Wajukuu wa marehemu walipoanza mchezo wao, mmoja amejifunga kitenge cha shangazi na kuigiza mwendo wake wa kuchechemea, yule kijana akawaambia wakae chini, wageni wa heshima wanaingia. Wakakaa. Rafiki yangu, nilipandwa na hasira hata chai ikanishinda kunywa.

Kwetu mjukuu kwenye kilio si mtoto wa kuambiwa akae. Ana ruhusa ya kumwigiza marehemu, kuwadhihaki wafiwa, na kuziba njia ya jeneza mpaka apewe anachotaka, na mtu yeyote haruhusiwi kukasirika. Ukinuna, aibu ni yako. Mimi ruhusa hiyo niliitumia mara moja, nikiwa msichana wa shule, na sijajuta mpaka leo.

Nililelewa na nyanya yangu, ambaye nilimwita kambo, kama tunavyosema Lubumbashi. Alikuwa mjane wa mfanyakazi wa reli, na aliuza munkoyo, kile kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi. Kazi yangu ilikuwa kuponda mizizi kabla ya kwenda shule. Mpaka leo nikisikia harufu ya uji wa mahindi unaopoa karibu na makaa, mikono yangu inatafuta mchi. Wateja walikaa kwenye benchi letu wakinywa polepole na kusimulia mambo ya nyumbani kwao, kwa sababu kambo hakuwa mtu wa kupeleka maneno. Ugomvi wa ndoa uliletwa kwake kabla ya kufika parokia. Akisema jambo ni kweli, mtaa mzima ulilala umetulia.

Mwenye duka la dawa la pale barabarani aliliona hilo. Akaanza kuja kwenye benchi, akanywa munkoyo wetu, akamwita mama. Siku moja akaomba kumpiga picha, eti ni ya kalenda ya mtaa. Kambo akavaa kitenge chake cha Jumapili, akashika kikombe, akatabasamu. Baada ya muda mfupi bango kubwa likatundikwa kwenye mlango wa soko. Kambo alikuwa palepale juu anatabasamu, lakini kompyuta ilikuwa imemwondolea kikombe na kumpa chupa ya dawa. Chini yake waliandika: “Kisukari kilikuwa kinaniua. Leo ninacheza.”

Kambo hakuwahi kuugua kisukari. Alikwenda kulalamika, na yule bwana akamcheka kwa upole, akampa katoni ya chupa kama zawadi. “Mama, uso yako iko inasaidia bantu,” alimwambia. Watu gani, hakusema. Kambo aliisukuma katoni ile chini ya kitanda, hakuifungua. Alikuwa na msemo wake, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na wiki ile aliurudia kila alipokoroga pipa.

Jirani yetu, fundi viatu, yeye kisukari alikuwa nacho kweli. Aliacha vidonge vya hospitali akanunua ile dawa, kwa kuwa kama kambo amesema, basi imesemwa. Tulimzika kabla ya mvua. Mke wake akaanza kupita mlangoni kwetu bila salamu, na wateja nao wakapungua mmoja mmoja. Munkoyo ikachachia kwenye pipa, tukaimwaga mferejini. Kambo aliketi kwenye benchi tupu akaniambia, “Balikamata uso yangu bila kuniomba. Sasa kwa Mungu nitaenda na uso gani?”

Nilikuwa na chuki tu, nayo niliitunza vizuri.

Mwaka uleule mwalimu wetu wa Kifaransa alitupa kazi ya kutafuta tangazo, hotuba na katuni, tueleze jinsi vinavyotushawishi. Wenzangu walileta matangazo ya sabuni na ya bia. Mimi nilileta karatasi ndogo ya ile dawa, yenye picha ileile. Mwalimu aliiinua juu akasema, “Mutazame. Huyu mama hawezi kusema uongo, njo maana balimuchagua.”

“Iko kambo yangu,” nikasema. “Na hakusemaka kitu.”

Mwalimu aliweka chaki, akakaa, kisha akatufundisha kama mtu aliyeibiwa yeye. Tangazo, alisema, huazima uso wa mtu unayemwamini. Hotuba huazima undugu: anayetaka kitu chako atakuita kwanza mama au kaka. Katuni huchukua kitu kimoja cha mtu na kukikuza mpaka hakifichiki tena. Somo hilo lilinikaa kuliko katekisimu.

Kambo alikufa mwaka uliofuata, jina lake halijasafishwa. Ilikuwa wakati wa kampeni, na mwenye duka la dawa alikuwa sasa mgombea. Alikuja kwenye kilio na magari mawili, spika, na fulana zenye uso wake. Tulipokuwa tunalitoa jeneza, akashika maikrofoni, akakohoa kidogo, akapangusa macho kwa leso nyeupe ambayo mimi niliona ni kavu. “Bantu ya Katuba,” akasema, “huyu mama alikuwa mama yangu. Mama wa tumbo alinizaa, lakini huyu njo alinifanya muntu.” Watu wakaguna kwa huruma. Nikaona kambo anatangazwa tena, ndani ya jeneza.

Niliingia ndani nikavuta shuka jeupe kitandani, na chini ya kitanda nikatoa chupa moja. Nikatoka, nikasimama mbele ya jeneza, nikajipangusa macho kwa shuka lile lote. “Bantu ya Katuba,” nikasema kwa sauti ya mgombea, na kikohozi chake kidogo, “huyu mama alikuwa mama yangu, na baba yangu, na duka yangu.” Kicheko kilianzia kwa wajukuu wenzangu, kikafika kwa wabeba jeneza, wakalazimika kuliteremsha. Yeye pia akacheka. Desturi ilimlazimisha.

Nikamnyooshea chupa, nikamwita baba kwa heshima zote. “Tata, kambo hapiti. Anaomba unywe.”

“Bajukulu bana michezo,” akasema, akiangalia kulia na kushoto.

“Kunywa kidogo tu, tata. Iko dawa yako.”

Aliisoma chupa kama mtu asiyeijua, kisha akampa dereva wake. Dereva akaweka mikono nyuma. Hapo mke wa fundi viatu akatoka katikati ya wanawake, akaja kusimama kando yangu, akasema taratibu, “Bwana yangu alikunywa. Kunywa na weye.” Hakuna aliyecheka tena. Mgombea akasema ana mkutano mjini, akaingia garini kabla ya maziko. Yule mjane akageuka, akagusa jeneza kwa kiganja, akamwomba kambo msamaha mbele ya mtaa mzima. Ndipo tukampitisha.

Nilifurahi, na sitasema uongo. Uchaguzi alishinda, lakini si kwa kura za mtaa wetu, na fulana zake tulipigia deki mpaka zikaisha. Sasa ni mzee mkubwa, uso wake uko kwenye mabango ya barabara nzima. Benchi la munkoyo halipo, mwalimu wangu alihama, na vilio vyetu vimekuwa mikutano ya watu wenye suti. Wajukuu zake mwenyewe, nasikia, wanasoma Ulaya. Hata mmoja hajui desturi hii. Mzee huyo anaamini atazikwa kwa heshima, kimya kimya, na hotuba ndefu.

Lakini alisema mwenyewe kwenye maikrofoni kwamba kambo alikuwa mama yake. Basi mimi, mjukuu wa kambo, ni mtoto wake yeye, na watoto wangu wawili ni wajukuu zake. Wawili hao nimeshaanza kuwafundisha sauti yake. Mdogo anaipata vizuri, hasa kile kikohozi.