Papa Mkavu kwa Taya la Binti Yangu

Mama yangu ni mzee wa Faza ambaye hadi leo humenya muwa kwa meno. Meno yake yamelika yakawa bapa, lakini yamesimama safu, hakuna lililompanda mwenzake. Binti yangu, aliyemaliza skuli juzi, ana kinywa kidogo na meno yaliyosongamana. Magego yake ya mwisho yalipoanza kuota, alilia mpaka akanikasirisha, kisha akanitia hofu.

Tukavuka kwenda Amu, kisiwani Lamu. Daktari wa meno, kijana wa bara mwenye adabu, alitueleza polepole.

"Mama, jino huja na ukubwa wake, lakini taya hukuzwa na kazi. Watu wa zamani walitafuna vigumu tangu utotoni, mfupa ukapanuka. Sisi tumekulia vyakula laini."

Magego mawili ya chini, mazima kabisa, hayakuwa na pa kukaa. Akasema ni kung'oa tu.

Tuliporudi Faza na Mama akasikia, alikuja juu. "Jino zima ling'olewe? Wallahi, si mjukuu wangu! Kama dawa ni kutafuna, atatafuna."

Akatoa papa mkavu, akambanika bila kumroweka, na kila baada ya alasiri akamketisha binti yangu mbele yake. Tafuna! Mtoto wa watu akatafuna huku machozi yakimtoka, maana naye aliogopa koleo la daktari kuliko papa. Nikamwambia Mama, samaki mkunje angali mbichi, na huyu keshakauka. Akanijibu kwamba mimi ndiye niliyemlea kwa uji na mkate wa kuchovya chai, basi ninyamaze.

Haikupita wiki, shavu likafura, kinywa kikakataa kufunguka. Hata maji yalimshinda. Hapo nikampandishia Mama sauti, Mungu anisamehe, nikamfunika binti yangu leso tukateremka bandarini Mtangawanda kutafuta boti. Mama akatufuata bila kuambiwa. Njia nzima alikuwa akivuta uradi kwa tasbihi yake, hanitazami.

Daktari alitibu uvimbe kwanza. Ulipotulia, akayang'oa yote mawili.

Tulipoketi nje kungoja damu ikatike, binti yangu alimgeukia Mama, pamba ingali kinywani.

"Bibi, mngenipa papa tangu utotoni, yangebaki?"

Nilidhani Mama atanilaumu tena, na nilikuwa nimejiandaa kumjibu. Hakunitazama. Alimshika mjukuu wake kidevu, taratibu, upande usiouma.

"Huenda yangebaki. Lakini mwanangu, mie sikutafuna papa kwa kupenda. Ilikuwa ni ndaa, hakuna kingine nyumbani. Mamako alipozaliwa nilimuomba Mngu, kizazi changu kisile nilivyokula mie."

Akamfuta mate mdomoni kwa ncha ya leso.

"Dua ikatakabaliwa."