Aguanta, Alisema Sista

Harufu ya spiriti ilinikuta kwenye benchi la zahanati ya kijiji chetu kipya cha ujamaa, njia ya Usinge. Mwanangu Sofia alinilalia kifuani, anachoma kama chungu cha motoni, kimya. Mtoto mwingine, aliyekuwa akililia mwiba mguuni, aliingizwa kwanza. Nesi akanipita mara ya tatu: "Wako katulia, mama. Vumilia." Nikainuka, nikamlaza Sofia juu ya daftari la nesi mezani, nikamwambia mtoto hatoki pale mpaka amguse.

Neno hilo, vumilia, nililijua tangu utotoni kwa Kihispania: aguanta. Mwaka wa uhuru mama alikwenda kujifungua kwenye zahanati ya misheni, nje kidogo ya Tabora, nami nikamfuata nimsaidie. Sista wa pale, Mhispania mnene mwenye Kiswahili cha kuokoteza, alisema aguanta kutwa nzima. Kwa fundi anayeshika ngazi: usiachie. Kwa anayechomwa sindano: jikaze. Kwa mpishi anayenung'unikia moshi: stahimili. Mimi alinitwisha beseni la maji, aguanta. Nikamwaga nusu, tukacheka wote wawili.

Sisi ni ukoo wa wapagazi. Babu, alisimulia bibi, alibeba pembe hadi pwani na hakutua mzigo kabla ya kambi hata siku moja. Basi mwanamke wa kwetu akilia uchungu, mawifi humtania mpaka anazeeka. Mama hakulia. Sista, akihangaika na waliopiga kelele, alinituma nikamwambie aguanta. Nilikwenda mbio, kifua mbele, maana nilikuwa mkalimani.

"Mama, Sista anasema jikaze."

Alinishika mkono, jasho tupu. "Mwambie najikaza."

Nikarudi nikasema mama hajambo. Sista alipofika jioni, mtoto alikwisha kufa tumboni.

Miaka yote nilidhani siku ile nilimpelekea mama faraja. Nimekuja kujua nikiwa na mtoto wangu: nilimpelekea Sista ruhusa ya kumsahau.

Sofia alipona homa. Masikio hayakupona; homa ilimwacha kiziwi. Nikaandika lalamiko, nakala mbili. Katibu wa kijiji akagonga mhuri, akaniambia nivute subira, na hadi leo hakuna jibu. Niliandika hivi:

"Mimi, mama yake Sofia, nalalamika kwamba zahanati yetu inatibu kelele. Naomba nesi apite benchi zima kila asubuhi, amguse kila mtoto, akianza na aliyenyamaza."