Nilidurufu kanda za kwaya ya Chiwanda, leo nawasoma mnavyotetea kudownload bure

Wakuu, salaam. Shikamoo zenu nimezipokea. Ninayoandika nimeyafanya kwa mikono yangu, sikusimuliwa.

Nimesoma uzi wa sheria za mitandao hadi kichwa kinauma. Hawa wanasema "kudownload siyo wizi, serikali ituache." Wale wanasema "fungia kila kitu." Jamani! Mnanichosha wote.

Miaka ile ya soko huria nilikuwa na kibanda cha kurekodi kanda Mbinga mjini. Deki mbili, spika mlangoni. Msimu wa kahawa nilikuwa sipumui, maana kila aliyeuza kahawa alitaka redio, na redio inataka kanda.

Kwaya moja ya Chiwanda, kule ziwani, ilijichanga kwa dagaa na mihogo, ikarekodi kanda yake ya kwanza. Mauzo yake ndiyo yangelipia kurekodi ya pili.

Nikapata nakala moja. Nikadurufu na kuuza mji mzima hadi deki zikanuka moto.

Na kwa kiburi changu, mwanzoni mwa kila kanda niliweka sauti yangu nikitangaza kibanda. Vijana, hiyo ndiyo watermark yenu.

Sikukuu ya parokia yetu pale mjini ikafika. Kwaya ikapanda lori na maboksi ya kanda. Walipoanza kuimba, kanisa zima likaimba nao, neno kwa neno. Akina mama wa kwaya walitokwa machozi ya furaha.

Baada ya misa hakununua mtu.

Mwalimu wa kwaya, mzee mpole, akaja kibandani. Redio ya muuza chai jirani ilikuwa inapiga kanda ile, sauti yangu ikitangaza kibanda.

"Bwana mdogo, hii sauti si yako?"

"Shikamoo, Mwalimu. Si nyimbo za Mungu hizi? Nimewasaidia kueneza Injili."

"Marahaba. Basi tusaidie na kubeba maboksi hadi Chiwanda. Injili yenyewe nzito."

Watu walicheka. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma.

Kanda ya pili haikurekodiwa.

Mwaka juzi nilishuka Chiwanda kuomba radhi, nikakuta kaburi la Mwalimu. Binti yake akanionyesha daftari la nyimbo za kanda ya pili. Maneno yapo yote. Namna ya kuziimba hakuna anayekumbuka.

Ile ya kwanza anayo, anataka kuiweka mtandaoni. Anaogopa. Akiiweka wataiiba, na tena hajui kama serikali itamdai kibali cha kuweka nyimbo mtandaoni.

"Baba, wewe ulifanya kazi hizi," akasema. "Nifanyeje?"

Ananiuliza mimi, mwizi!

Nilichojifunza: niliiba nikijiita msaidizi, kama nyie na link zenu. Lakini na sheria hii mnayobishania nayo, ingekuwepo siku ile, ingenikamata mimi, au ingemdai mwalimu kibali cha kuimba?

Binti bado anasubiri. Mwenye jibu la kumpa aandike hapa chini. Mwenye matusi anitukane mimi, yeye mwacheni.