Klabu ya Ordinateri Kolwezi

Nilipomweleza baba yangu kwamba kazi yangu ni kuandika programu za ordinateri, yaani kompyuta, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza shimoni nashuka saa ngapi. Kolwezi, mtu wa kampuni ya migodi alikuwa mtu wa shimoni. Mimi nilikuwa nakaa ofisini, mbele ya mashine, na jioni sikuwa na vumbi la kuonyesha.

Wenye kazi hiyo hatukuwa wengi mjini. Kila mmoja alijifunza peke yake, kwa kitabu cha Kifaransa alichokifungia kabatini kisije kikaazimwa. Niliona ni upuuzi. Nikamwomba padri wa parokia yetu chumba kimoja, nikawaita wote Jumamosi mchana. Walikuja wenzangu wa ofisini, akaja mama mmoja aliyetunza takwimu za wagonjwa hospitalini, na mwalimu wa hesabu aliyetoka Mutshatsha kwa treni. Tukawa na mashine moja kuukuu iliyotupwa na ofisi. Mimi nikawa mwenyekiti, labda kwa sababu ufunguo ulikaa kwangu.

Lakini mwalimu wetu wa kweli alikuwa mwenzangu wa ofisini, mkubwa wangu kidogo, niliyemwita yaya, yaani kaka. Baba yake aliletwa kutoka Kasai zamani za Wabelgiji kuja kuchimba shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa Kolwezi, na Kiluba chake cha Kasai kilimchekesha hata mama yake. Ndiye aliyeandika programu ya depo, iliyojua kila kipuri cha kila mashine kilipo. Kwenye klabu hakuficha kitu. Mtu akikosea, alikaa naye mpaka kosa lionekane.

Kisha kazi ikaanza kufa. Mitambo ilisimama mmoja baada ya mwingine, na watu wakatafuta wa kulaumiwa. Kwenye mikutano ya siasa ikasemwa kwamba waliotuletea shida ni watu wa Kasai. Wakaitwa wadudu. Vijana wakaanza kuzungukia nyumba zao.

Jumamosi moja mwanachama wetu mmoja, mtu mpole tuliyezoea kucheka naye, alisimama akasema, kwa adabu kabisa, kwamba ingefaa ndugu zetu wa Kasai wabaki nyumbani kwanza, chumba kisije kikachomwa. Nikamwambia sitamfukuza mtu katika klabu hii. Wengine waliinamisha vichwa. Ni yule mama wa hospitali peke yake aliyesema: "Na siye benye kubakia, tutafundishwa na nani?" Yaya alifuta ubao polepole, akatuaga, akaondoka.

Wiki iliyofuata vijana walisimama kwenye lango la parokia tangu asubuhi. Padri akaniomba ufunguo. Hakunilaumu, nami nikampa.

Muda si mrefu yaya alirudi kutoka kazini akakuta vitu vyake vimetupwa nje na wale vijana, na mkewe amekaa juu ya godoro na watoto. Wakaenda stesheni kama wenzao. Uwanja wote ulikuwa umejaa watu chini ya mahema ya plastiki, wakingoja treni ya kwenda Kasai, nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuiona. Mvua ilinyesha, treni haikuja.

Mke wangu alipika bukari, ugali wetu, nikawapelekea. Aliogopa macho ya majirani, lakini alipika. Nilimkuta mama wa hospitali huko tayari, akiwahudumia watoto. Jumamosi, mwalimu wa Mutshatsha aliposhuka kwenye treni yake bila kujua lolote, alitukuta mimi, yule mama na yaya kwenye ukuta wa ghala.

"Basi tuko wangapi?" yaya akauliza. "Klabu iko."

Siku hiyo alitufundisha jinsi mashine inavyopanga vitu kwa utaratibu. Aliazima madumu ya maji ya majirani zake, makubwa na madogo, akatuamuru tuyapange kwa kulinganisha mawili mawili tu, bila kuangalia mengine. Kila mlinganisho aliuandika ukutani kwa mkaa. Watu wakakusanyika. Mzee mmoja alibishana naye kwamba dumu lake limepangwa vibaya, na wote wakacheka. Tangu hapo tulikutana palepale kila Jumamosi.

Kisha surua ikaingia stesheni. Mtoto wa mwisho wa yaya, msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anatembea, alifariki. Mama wa hospitali alifanya alichoweza, lakini dawa hazikuwepo. Tulimzika Kolwezi, mji uliokuwa unamfukuza.

Jumamosi iliyofuata yaya alikuja ukutani hata hivyo, mkaa mkononi. "Leo sina kitu ya kusema, mudogo yangu," akaniambia. "Mukae tu." Tukakaa naye mpaka jua likashuka.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya wazi. Watu walipanda juu ya mizigo, na juu ya watu. Nilimpandishia godoro. Mkewe alikuwa anatazama upande wa makaburi.

Ofisini, yule mpole alipewa meza ya yaya. Programu ya depo ilipokwama, tulijaribu sote, tukashindwa, tukarudia kalamu. Nilifungua klabu tena mambo yalipotulia, lakini mama wa hospitali alikuwa amehamia Lubumbashi, na treni ya Mutshatsha ikawa haina siku maalumu. Jumamosi kadhaa nilikaa peke yangu, kisha nikaacha.

Miaka baadaye mfanyabiashara mmoja alinipa habari za yaya. Alimkuta Mwene-Ditu, huko Kasai, akiuza unga na mkewe. Aliulizwa kuhusu ordinateri, akasema amesahau. Alitaka kujua jambo moja tu: kaburi la mtoto linalimwa majani?

Kesho yake nilikwenda na jembe. Wengi wa siku zile walizikwa kwa haraka, bila msalaba, na majani yalikuwa yamewafunika wote. Nililima pale nilipodhani ndipo. Kisha nikalima na makaburi ya jirani, maana sikuwa na hakika.